Mlima mmoja, picha zaidi ya 60: Kwa nini urudi kuchora palepale

KUNA mahali ambapo kila ukipita macho huvutika, hata ukiwa umechelewa. Labda ni milima ya Ngong ukiitazama kutoka Lang'ata, au Bandari ya Kale kule Mombasa jua likizama. Unapiga picha kwa simu, unaiweka kwa statasi, imeisha hiyo. Kesho yake pale mahali panakuita tena.

Kwa mchoraji chipukizi, wito huo huja na wasiwasi: nikichora palepale tena, si watu watasema nimeishiwa?

Paul Cézanne hakujali hayo. Mfaransa huyu, aliyezaliwa 1839 mjini Aix-en-Provence, alichora mlima mmoja wa kwao, Sainte-Victoire, zaidi ya mara 60. Wala si mlima wa kutisha. Una takriban mita 1,000 tu, hata nusu ya Ngong haufiki.

Babake, mwenye benki, alitaka asomee sheria. Alianza, akaacha, akashika brashi. Maonyesho makuu ya Paris yalimkataa tena na tena, na maonyesho yake ya kwanza ya peke yake yalifanyika 1895, akiwa na miaka 56.

Kilichomrudisha mlimani ni kwamba kila siku aliukuta mwingine. Mwanga ulibadilika, vivuli vikahama, naye akasogea. Septemba 1906 alimwandikia mwanawe kwamba angeweza kukaa miezi mahali pamoja, akiinamia tu kidogo kulia au kushoto, na bado apate cha kuchora. Katika picha za awali unatambua miti na nyumba. Katika zile za mwisho, mlima ni vipande vya rangi vilivyoshikana. Kina Picasso na Braque walichota mengi humo.

Wewe je, unaanzia wapi? Si lazima uwe na vifaa vya bei. Tangu 1841, Mmarekani John Goffe Rand alipobuni tyubu ya rangi inayobanwa kama ya dawa ya meno, imekuwa rahisi kubeba rangi hadi nje. Hata penseli na daftari zinatosha.

Ila jua letu halisubiri mtu. Saa sita mchana liko utosini na vivuli vinakwisha, kila kitu kinaonekana bapa. Nenda mapema asubuhi au saa kumi na moja jioni. Kwanza weka alama ya vivuli vilipo, kwa sababu baada ya nusu saa vitakuwa vimehama. Andika tarehe na saa nyuma ya kila mchoro. Ukifikisha kumi, zipange sakafuni uone macho yako yamejifunza nini. Na ukienda mahali palipojitenga, usiende peke yako.

Oktoba 1906 Cézanne alinyeshewa na mvua kubwa akichora nje, akazirai. Kesho yake akaamka kwenda kazini tena. Alifariki takriban wiki moja baada ya mvua hiyo, akiwa na miaka 67, bado hajamalizana na mlima wake.

Yeye alibahatika, mlima wake haukuzibwa. Ngong nayo haitahama, lakini kati yako na Ngong ghorofa zinazidi kuota. Kama kuna mahali panakuita, Jumamosi hii ndiyo siku ya kwenda, kabla dirisha lako halijatazamana na ukuta.