Tarzan anarudi tena, lakini Kongo yake ni ya wapi?

Mwaka wa 2022, mwezi wa tisa, habari ilitoka Hollywood kwamba studio ya Sony Pictures imepata haki ya kutengeneza filme mpya za Tarzan. Haki hiyo ilitoka ku kompani yenye mwandishi mwenyewe, Edgar Rice Burroughs, aliacha nyuma yake. Siku ile hawakutaja mwongozaji, hawakutaja mchezaji. Walisema tu kwamba wanataka kumfikiria upya kabisa, ili afae kwa watu wa karne hii ya 21.

Ku inchi ingine habari ya namna hii inapita. Hapa kwetu haipiti hivi hivi, juu filme kubwa ya mwisho ya Tarzan, ile ya 2016, ilimuweka Kongo, na mambo ya Kongo njo inaifungua. Na wapenzi wake wako wengi. Kuna wazee wenye walimuona katika filme za nyeusi na nyeupe, kuna wazazi wenye walikomea na kaseti za video, kuna vijana wenye walimjua kwa katuni ya Disney ya 1999. Karibu kila mtaa una mtu wake mmoja anaitwa Tarzan: mara ni shofere, mara ni sentineli, mara ni baba mzima ambaye alipanda mwembe siku moja akiwa mtoto, na jina likabaki.

Kama watu wanamupenda hivyo, mbona wakisikia anarudi hawafurahi? Mashaka yao ina sababu, na sababu hizo si za namna moja. Inafaa tuanze na mwenyewe, tujue ni nani anarudi.

Tarzan alizaliwa ku karatasi. Hadithi yake ya kwanza ilitoka katika gazeti moja la Marekani mwezi wa kumi 1912, kisha ikawa kitabu mwaka wa 1914. Burroughs hakukanyaga Afrika hata siku moja. Katika ile hadithi ya gazeti alimuweka chui-milia wa Asia, yule wenye michirizi, anatembea katika pori la Afrika. Wasomaji wakalalamika, na katika kitabu yule mnyama akageuka simba jike. Lakini mtu huyo huyo, mwenye hakujua kama huku hakuna chui-milia, alijua jambo lingine: ndani ya kitabu kile anaandika kwamba watu wa chifu Mbonga walifika pale wakikimbia askari wa mfalme Leopold II. Wengi wenye wanamupenda Tarzan hawajui hiyo. Hawakuisoma, waliangalia filme, na filme ziliiacha kando kwa miaka mingi sana.

Tarzan wa kitabu ni bwana wa luga. Alijifundisha kusoma Kiingereza peke yake, na luga ya kwanza ya Wazungu aliyoisema kwa mdomo ni Kifaransa, alifundishwa na ofisa Mfaransa mwenye jina la D'Arnot. Bon, kumbe alikuwa karibu ndugu yetu. Ni sinema njo ilimfanya akuwe mtu wa maneno mawili matatu.

Sinema hiyo ilianza 1918, bila sauti. Lakini Tarzan mwenye wazee wanamukumbuka ni Johnny Weissmuller, muogeleaji mwenye alikuwa na medali 5 za zahabu za Olimpiki, za 1924 na 1928. Alicheza filme 12, kuanzia 1932 mpaka 1948. Ule mlio wake, kule kuruka ku kamba za miti, kuogelea kwake mbele ya mamba, yule sokwe Cheeta: vyote hivyo vinatoka kwake, na Cheeta hayuko katika vitabu hata kidogo. Afrika yake ilikuwa California. Tembo walikuwa wa Asia, wenye masikio madogo, basi wakabandikwa masikio makubwa ya uongo ili wafanane na wa kwetu. Pale palipohitajika Afrika ya kweli, filme ya 1932 ilichukua vipande vyenye vilibakia katika filme ingine, Trader Horn, yenye mwongozaji yule yule alikuja kupiga huku Afrika ya mashariki na Kongo. Na lile neno "ungawa" lenye Tarzan anaambia wanyama, usilitafute Sanga, wala Luba, wala Kiswahili. Walilitengeneza kule kule studio.

Ninasema hayo yote bila kumuchukia. Mtu anaweza kujua masikio ya tembo ni ya kubandikwa na bado akasikia raha. Mutoto mwenye anaangalia mtu anaogelea mbio kupita mamba haulizi filme ilipigwa wapi. Lakini mutoto yule akikuwa mkubwa, anauliza.

Mbona studio hawamuachi apumzike

Jibu la kwanza ni feza. Kutengeneza filme kubwa na kuitangaza duniani ni kamari, na jina lenye kila mtu analijua tayari linapunguza woga wa wenye kuweka pesa. Hauhitaji kueleza Tarzan ni nani. Mtu wa Kolwezi, wa Tokyo na wa Lima, wote wanajua. Njo maana majina ya zamani yanafufuliwa kila siku, na si Tarzan peke yake.

Jibu la pili ni la sheria. Burroughs alikufa 1950. Ku inchi zenye zinahesabu miaka 70 nyuma ya kifo cha mwandishi, vitabu vyake vilikuwa mali ya wote tangu tarehe 1 Januari 2021. Kwetu Kongo sheria ya haki za waandishi, ya mwaka wa 1986, inahesabu miaka 50, kwa hiyo vilikuwa wazi zamani zaidi. Marekani pia hadithi za kwanza ziko wazi. Lakini jina "Tarzan" lenyewe limeandikishwa kama alama ya biashara, na ile kompani ya Burroughs, yenye aliianzisha yeye mwenyewe 1923, inalilinda vikali. Hadithi inaweza kuwa yako, na jina ku bango likuwe lao. Studio inanunua jina, na pia inanunua amani, isipelekwe ku tribinali.

Sasa hesabu. Ile filme ya 2016, The Legend of Tarzan, ya studio Warner Bros., iligharimu karibu dola milioni 180. Ku sinema za dunia nzima iliingiza karibu dola milioni 356. Ukisikia hivyo unasema walipata faida kubwa. Hapana. Kwa kawaida wenye majumba ya sinema wanabaki na karibu nusu ya pesa za tikiti, halafu matangazo yana gharama yake pembeni. Hakukutoka sehemu ya pili. Sony wakashika jina ambalo wenzao hawakuweza kuliendesha mbali.

Hapo njo wapenzi wa zamani wanapata shaka yao ya kwanza. Wanasema: kila anaporudi, kitu kimoja kinapotea. Greystoke ya 1984 ilimfanya mtu wa huzuni, na pori lake ilipigwa Kameruni, kumbe ilikuwa karibu kuliko nyingi. Katuni ya 1999 ilikuwa na muziki na furaha, lakini iangalie tena vizuri: ni Afrika yenye haina Mwafrika hata mmoja. Sokwe wako, chui iko, Wazungu wako. Sisi hatuko. Labda walifikiri ni njia ya kukwepa aibu ya zile filme za zamani, zenye ziliwaonyesha weusi kama wabeba mizigo na washenzi. Ni kukwepa kwa ajabu, kama mtu mwenye anaogopa kugombana na jirani basi anafuta nyumba ya jirani ku picha.

Shaka ya kwetu

Filme ya 2016 ilijaribu kurekebisha, na tuseme ukweli, ilijaribu zaidi kuliko zote. Inaanza na mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, wenye uligawanya Afrika. Inamutaja Leopold. Mtu mubaya wake, Léon Rom, alikuwa mtu wa kweli, ofisa wa Force Publique, mwenye alikamata kituo cha Stanley Falls, yaani Kisangani ya leo. Na mwenzake Tarzan ni George Washington Williams, Mmarekani mweusi, wa kweli naye, mwenye alipita Kongo mwaka wa 1890 na kumuandikia Leopold barua ya wazi kumushtaki kwa mateso ya watu.

Lakini katika filme, Rom anakufa mtoni kwa meno ya mamba, na watu wanapiga makofi. Rom wa kweli alirudi Ubelgiji na akafa kule 1924. Williams wa filme anarudi London na barua yake mkononi. Williams wa kweli alikufa Blackpool, Uingereza, mwaka wa 1891, mbele dunia haijamusikiliza vizuri. Na mwenye anaokoa Wakongomani ni mwana wa lord wa Kiingereza, mweupe, anaruka ku kamba. Studio yoyote yenye itamurudisha Tarzan itakutana na jiwe hilo hilo katikati ya njia. Ukimuondoa Kongo, umerudi ku Afrika bila watu. Ukimubakisha Kongo, nani anaokoa nani?

Mwaka ule wa 1890 na wenye uliufuata, wakati Tarzan wa filme anapigana juu ya almasi za Opar, mji wenye haupo, huku Katanga kulikuwa na mambo yenye hakuna filme kubwa imeyagusa. Bunkeya, ambayo leo iko ndani ya Lualaba yetu, teritware ya Lubudi, ilikuwa makao ya Msiri, mwenye baba yake na yeye walitokea Unyamwezi, kule Tanzania ya leo, wakifuata shaba. Akawa mwami wa Bayeke, akauza shaba na pembe hadi pwani zote mbili. Waingereza walimutaka asaini karatasi, akakataa. Leopold akatuma watu wake. Msafara mmoja uliongozwa na William Stairs, mzaliwa wa Kanada, pamoja na mamia ya wapagazi na askari, wengi wao watu wa upande wa Zanzibar, wasema Kiswahili. Tarehe 20 Desemba 1891 ofisa wa Kibelgiji, Omer Bodson, alimupiga Msiri risasi, na yeye Bodson akapigwa risasi pale pale na mtu wa Msiri. Stairs naye hakufika kwao: alikufa na malaria ku njia ya kurudi, 1892. Nyuma ya miaka karibu 15, mwaka wa 1906, Union Minière ikaanzishwa.

Ukitaka safari, vita, shaba, mfalme mwenye anakataa bendera, vyote viko hapo, na hakuna mtu analazimika kuruka ku kamba.

Kuna shaka ya mwisho, ya wenye kutafuta kazi. Filme ikija na jina la Kongo, itakuja kupigwa Kongo? Historia inasema usingoje ku barrière. Ile ya 2016 ilipigwa ndani ya studio za Leavesden, Uingereza, na picha za kutoka angani zikachukuliwa Gabon. Mji wetu wenyewe una filme yake, La légion saute sur Kolwezi ya 1980, juu ya vita ya mwezi wa tano 1978: Kolwezi yenye unaona pale ni Guyane ya Wafaransa. Likasi ya zamani katika The Siege of Jadotville, 2016, ni Afrika ya Kusini. Hata Lumumba ya Raoul Peck, ya 2000, ilipigwa Zimbabwe na Msumbiji. Sababu si siri: bima, barabara, umeme, mashini, usalama, na inchi kama Afrika ya Kusini inarudishia kompani sehemu ya gharama ili ije kwake.

Walikuja kweli zamani. Mwaka wa 1951 The African Queen ilipigwa sehemu moja Uganda na sehemu ingine Kongo, ku mto Ruiki, wenye unamwaga maji yake ndani ya Lualaba. Watu wa filme waliugua tumbo karibu wote. Wanasema Humphrey Bogart na mwongozaji John Huston walipona juu walikuwa wanakunywa whisky tu. Sisemi ni dawa.

Na wenye wanapiga hapa, wanapiga filme zao. Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, alipeleka Augure Cannes mwaka wa 2023 na kurudi na zawadi. Hakuhitaji jina la kununua California.

Bunkeya, kila tarehe 20 Desemba, Bayeke bado wanamukumbuka Msiri. Mwenye kamera anaweza kwenda. Ni mvua njo itamusumbua, si haki za mwandishi.