Glavu Zinazovimba Minago



Nilipita Minago, penye mashine ya kukamua mawese. Mama mmoja anayeosha mapipa alinionyesha glavu zake. Alipopewa zilikuwa nyororo, mkono unaingia wenyewe. Baada ya siku chache zilivimba, zikalegea vidoleni na kuanza kunata. Mwenye kazi alimlaumu kwamba hazitunzi. Mimi nasema kosa si lake.

Mpira wa asili, ule wa utomvu wa mti, hunata, na mkono wenye jasho haupiti. Kwa hiyo kiwanda hutengeneza uso wake. Zamani walinyunyiza unga wa wanga wa mahindi. Unga huo ulibeba protini za mpira ukaruka nazo hewani, na watu wengine wakapata muwasho, mafua, hata kubanwa kifua. Marekani ilipiga marufuku glavu za waganga zenye unga kuanzia tarehe 18 Januari 2017.

Njia nyingine ni maji ya klorini. Klorini hushikana na chembe za juu kabisa za mpira, uso ukawa mgumu kidogo na kuteleza. Ikizidi, mpira hupasuka. Wengine hupaka ndani utando mwembamba wa plastiki laini. Hapo pana kazi, maana mpira huvutika mara kadhaa ya urefu wake, na utando usioweza kuufuata hukatika na kubanduka, vipande vikabaki mkononi mwako.

Lakini yote hayo ni ya juu tu, ya kurahisisha kuvaa. Mawese hayasimami juu. Hupenya na kukaa katikati ya nyuzi za mpira, nao ukavimba na kudhoofika. Anayefanya kazi ya mafuta anahitaji mpira wa aina nyingine, nitrili, uliobuniwa Ujerumani miaka ya 1930, ambao haunywi mafuta kirahisi. (Moto ni jambo jingine. Glavu nyembamba, hata ya nitrili, haizuii mawese yanayochemka.)

Basi mjumbe wa wafanyakazi akiletewa glavu mpya asisifu ulaini kwanza. Atafute neno "nitrile" kwenye boksi. Asipoliona, akate vidole viwili vya glavu moja vilivyo sawa, kimoja akiloweke usiku mzima katika kopo la mawese. Asubuhi avipime. Kilicholowekwa kikiwa kimerefuka, aviweke vyote viwili juu ya meza ya msimamizi.