Kabla ya Makmende: Sikiza upya albamu iliyoipeleka Nairobi kwa kompyuta

Kama ulizaliwa baada ya mwaka 2000, huenda unamjua Makmende vizuri kuliko unavyowajua waliomleta. Jamaa wa afro, anawachapa wahuni mmoja baada ya mwingine bila jasho, na wiki hiyo hiyo Wakenya wote mtandaoni wanashindana kumtungia sifa za uongo. Hiyo ilikuwa Machi 2010. Wimbo ulikuwa "Ha-He", kundi likiwa Just A Band, na ulitoka katika albamu yao ya pili, "82". Jina lenyewe la Makmende lilikuwa la mtaa kitambo: watoto wa Nairobi walivyosikia maneno ya Clint Eastwood kwenye filamu ya "Sudden Impact" ya 1983, wakayageuza kuwa jina la mtu yeyote anayejifanya ngumu.

Haya, Makmende tumemalizana naye. Ninachotaka uchukue dakika zako leo usikize ni kazi iliyotangulia, ile ambayo watu wengi huiruka: "Scratch to Reveal", albamu ya kwanza ya Just A Band, iliyotoka 2008.

Jina kwanza. Wewe siku hizi unanunua kredo kwa M-Pesa ukiwa umelala. Wakati huo, M-Pesa ilikuwa na mwaka mmoja tu, na ili uongee na mtu ulienda kwa kibanda, ukanunua kadi, ukatoa sarafu mfukoni na kukwaruza ule utando wa kijivu mpaka nambari zionekane. Ukikwaruza kwa pupa, nambari moja inafutika na pesa zako zimeenda. Kila Mkenya aliijua hiyo kazi ya kukwaruza. Kuchukua maneno ya nyuma ya kadi na kuyafanya jina la albamu ni ucheshi wa Nairobi kabisa, na pia ni onyo la haki: kilichomo ndani hutakiona kwa mtazamo wa kwanza.

Kundi lilianza 2003. Walikuwa wanne: Bill Sellanga, ambaye wengi wanamwita Blinky Bill, Dan Muli, Mbithi Masya na Jim Chuchu, vijana waliokutana Chuo Kikuu cha Kenyatta. Hesabu vizuri hapo. Kutoka 2003 hadi 2008 ni miaka mitano kabla ya albamu ya kwanza. Wewe uliyetengeneza biti Jumanne na ifikapo Ijumaa unalia kwamba hakuna anayekusikiza, hebu irudie hiyo hesabu.

Lakini cha muhimu ni walichofanya. Walichukua muziki wa hausi, fanki na disko, wakauunda kwa kompyuta, kisha wakaimba juu yake kama watu wa Nairobi wanaojichekesha wenyewe. Wakati huo redio zetu zilikuwa na ramani yake tayari. Kulikuwa na kapuka kutoka kwa Ogopa Deejays, kulikuwa na genge kutoka Calif Records kwa Clemo, kulikuwa na injili, na kulikuwa na kila kitu kutoka Marekani, Jamaika na Tanzania. Kundi linalocheza muziki wa kielektroniki na kuuita wa Kenya halikuwa na rafu yake dukani.

Na hapa ndipo kuna ubishi ambao haujaisha hata leo. Weka ngoma yoyote ya kielektroniki kwenye kikao cha wasee, hutakosa mmoja wa kusema, "Hii ni mambo ya wazungu, si ya kwetu." Amapiano ilipofika, huyo huyo aliicheza mpaka asubuhi bila kuuliza pasipoti yake. Tumsaidie kidogo.

Kwanza, hausi haikutoka kwa wazungu. Ilizaliwa Chicago, kwa vijana weusi, na jina lake huhusishwa na klabu ya Warehouse ambako Frankie Knuckles alikuwa DJ kuanzia 1977. Kwaito ya Afrika Kusini ni hausi iliyopunguzwa mwendo ikavalishwa lugha za mitaa ya Soweto, na amapiano ni mjukuu wa hapo hapo. Pili, hiyo kapuka tunayoililia kama ya nyumbani nayo ilitengenezwa kwa kompyuta na kinanda. Hakuna mtu aliyekuwa anapiga ngoma halisi kwenye studio nyingi za Nairobi za 2002. Kwa hivyo tulikuwa tunacheza muziki wa kielektroniki miaka yote, ila hatukuuita jina hilo.

Tatu, na hii ndiyo ninayoipenda zaidi: nenda ukamtazame mpiga nyatiti. Kifaa kina nyuzi nane. Mchezaji ameketi chini, vidole vinachapa nyuzi, kwenye kidole gumba cha mguu amevaa pete ya chuma iitwayo oduong'o anayoigonga kwenye chombo, na mguuni kuna njuga, gara. Mtu mmoja, na tayari una melodi, una mpigo mzito wa chini, una kile kicheche cha juu kinachokuambia usisimame. Na anaimba juu ya hayo yote. Sasa niambie hiyo ina tofauti gani na msee mmoja kwa keja, laptopu mapajani, ameweka ngoma ya mguu, besi na njuga kwa mistari mitatu tofauti ya skrini. Umeme tu.

Benga nayo ni hivyo. Magitaa ya benga yalijifunza kutoka kwa nyatiti, na ngoma ya mguu mara nyingi inagonga sawasawa, moja mbili tatu nne, bila kukuchanganya. Halafu kuna ile sehemu ambayo mwimbaji ananyamaza na magitaa yanaanza kukimbizana, yanapanda na kupanda. Ma-DJ wa leo wanaijua hiyo hisia. Wanaweka mkono hewani wakisubiri besi irudi. Wazee wetu waliipata kwa santuri ndogo, wimbo ukikatwa vipande viwili, upande wa kwanza na wa pili, kwa sababu densi ilikuwa ndefu kuliko nafasi ya santuri.

Ukiwa na hayo kichwani, weka "Iwinyo Piny". Ndio wimbo uliowatambulisha, na ndio wimbo wa albamu hii ambao bado unaweza kuuweka kwenye sherehe bila kuomba msamaha. Mdundo ni wa klabu, maneno ni ya Kidholuo, na vitu hivyo viwili havigombani hata kidogo. Havijaunganishwa kwa gundi, kama zile nyimbo ambapo mtu anabandika kayamba sekunde kumi mwanzoni ili aitwe Mwafrika, kisha kayamba inapotea. Hapa lugha yenyewe ndiyo ngoma. Silabi zinaangukia pale mpigo unapozihitaji, na hata kama hujui neno moja la Kidholuo, mwili wako unaelewa mstari unaishia wapi.

Sasa kumbuka ni mwaka gani. 2008 ilianza na moto. Ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 ziliua watu zaidi ya 1,100, na mkataba wa amani ulitiwa saini 28 Februari. Kulikuwa na barabara ambapo jina lako la ukoo, au lafudhi yako, iliweza kuamua kama utafika nyumbani. Sitaki kuipachika albamu hii siasa ambayo haikujibebesha. Ni muziki wa kucheza, tena wenye utani mwingi. Lakini mwaka huo huo, vijana wa jiji hili kucheza pamoja kiitikio cha Kidholuo bila kumuuliza mtu anatoka wapi halikuwa jambo dogo. Kama wazazi wako walikuwa Nairobi wakati huo, waulize mtaa ulivyokuwa mwezi wa kwanza, halafu uusikize wimbo tena.

Wimbo huo pia ulikuja na video ya katuni, jambo ambalo halikuwa la kawaida hapa. Hawa jamaa hawakuwa wanamuziki peke yake. Walikuwa wanachora, wanapiga picha, wanahariri. Na kumbuka intaneti ya wakati huo. Kebo za chini ya bahari zilifika Mombasa 2009. Mwaka mmoja kabla yake tulikuwa bado kwa setilaiti, na kufungua video moja kwa saiba kulikuwa kama kungoja githeri iive. Kutengeneza kazi ya macho kwa soko ambalo karibu halina pa kuitazamia ni wazimu fulani. Wazimu huo ndio uliowafanya wawe tayari wakati kebo zilipofika na Makmende akaja. Watu walisema ile video ya 2010 ilikuwa bahati. Bahati gani, na wao walikuwa wamefanya mazoezi miaka miwili?

Je, albamu yote ni tamu? Hapana. Mimi naona Kiingereza kimekalia nafasi kubwa kuliko inavyostahili, na kuna mahali unahisi wanaongea na mtu wa ng'ambo kabla ya kuongea na jirani. Sauti zao pia si za kupasua dari. Ukitoka kusikiza waimbaji wa injili wenye mapafu ya tarumbeta utahisi hawa wananong'ona. Nyimbo nyingine ni kama majaribio yaliyoachwa mlango wazi. Lakini albamu ya kwanza ikikosa makosa, mara nyingi ni kwa sababu imeiga ya mtu mwingine. Hii makosa yake ni yake.

Jambo moja linanifurahisha kila nikilifikiria. Mwaka huo huo wa 2008, Ketebul Music, ya Tabu Osusa, ilitoa "Retracing the Benga Rhythm", kazi ya kuhifadhi historia ya benga kwa kitabu na rekodi. Mji mmoja, mwaka mmoja: upande huu watu wanapanguza vumbi santuri za zamani, upande ule vijana wanne wako kwa kompyuta. Wangeweza kuonekana kama mahasimu. Ukizisikiza kazi zote mbili kwa wiki moja, utaona zinagonga mlango ule ule.

Waliofuata baada yao unawajua, au unafaa kuwajua. Just A Band wenyewe walitoa "Sorry for the Delay" 2012, kisha kila mtu akaendelea na njia yake. Mbithi Masya aliongoza filamu ya "Kati Kati" ya 2016. Jim Chuchu alikuwa ameshaongoza "Stories of Our Lives" 2014. Blinky Bill alitoa albamu yake ya kwanza akiwa peke yake 2018, "Everyone's Just Winging It and Other Fly Tales", na hiyo nayo ina wake ubishi wa siku nyingine. KMRU ametoka Nairobi na muziki wa utulivu ulio karibu na kelele za upepo. Slikback ametoka hapa na midundo ya kubomoa ukuta. Duma walitoa albamu 2020 inayopiga mayowe. Uganda ina Nyege Nyege. Dar es Salaam ina singeli, inayokimbia kama bodaboda imeona polisi. Hakuna kati ya hao anayefanana na Just A Band, na sidai kwamba walijifunza kwao. Nasema tu kwamba leo hakuna anayeshangaa produsa wa kielektroniki akitokea Nairobi.

Sasa turudi kwako, wewe mwenye laptopu. Nimeona vijana wengi wakichukua nyimbo za zamani za Kenya na kuzikatakata. Arbantone imejengwa hapo, na kuna siku sauti ya gitaa la benga itakuita nawe. Sikiliza vizuri hapa kwa sababu ndipo watu wanapoumia. Ukikata kipande cha rekodi, unagusa haki mbili. Kuna ya aliyetunga wimbo, na kuna ya mwenye rekodi yenyewe, ambaye mara nyingi ni produsa fulani au familia yake. Ruhusa ya mmoja haikupi ya mwingine. Wimbo wako ukilala, hakuna atakayekutafuta. Ukiamka na kupanda, simu itapigwa, na wimbo utashushwa wakati ambapo ndio ungeanza kukulipa. Njia rahisi zaidi ni kumtafuta mpiga gitaa aliye hai, mlipe, mrekodi kitu kipya, na muandikiane nani anamiliki nini kabla hata ya kuwasha maikrofoni. Wapiga gitaa wa benga wako. Wengi wanacheza wikendi kwa vilabu ambavyo hujawahi kuingia kwa sababu unadhani ni vya baba yako.

Na kuhusu kusikiza: usiisikize "Scratch to Reveal" kwa spika ya simu. Simu inakula besi, na ukiondoa besi umeondoa nusu ya hoja. Tafuta earphone nzuri au omba ya rafiki. Anza na "Iwinyo Piny", kisha rudi mwanzo wa albamu uende moja kwa moja bila kurukaruka. Ikiisha, weka wimbo wowote wa D.O. Misiani na Shirati Jazz, wakati masikio bado yana joto, na uhesabu ile ngoma ya mguu kwa kidole mezani.