Mbwa Anayetoroka: Kamba ya Kumfungia na Namna ya Kumfundisha Arudi

Ndugu mfugaji, mbwa wako wa kulinda mbuzi akitoroka usiku mmoja tu, asubuhi unaweza kuitwa kwa sheha. Hapa Unguja wengi wetu tunafunga mifugo kwa kamba, kondeni na pembezoni mwa njia. Mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi hawezi kumkimbia mbwa, na ng'ombe akishtuka hujizungushia kamba akavunjika mguu. Mbwa huyo huyo anaweza kung'atwa na mwenzake mwenye kichaa, akauleta ugonjwa nyumbani kwa watoto.

Kwanza tazama kwa nini anatoroka. Dume hufuata harufu ya jike aliye kwenye joto, hata kijiji cha pili. Huyo ahasiwe, na kazi hiyo ni ya daktari wa mifugo kwa dawa ya usingizi, si ya kisu cha nyumbani. Mwengine anatoroka kwa njaa: asipolishwa atakwenda kujitafutia jaani. Na mbwa wa msasi, aliyezoea kufuata nguruwe pori maweni, huona kila kinachokimbia ni kazi yake. Karibu na msitu wa Jozani, kinachokimbia kinaweza kuwa paa nunga, mnyama adimu anayelindwa na sheria.

Sasa kamba. Ninayoikuta mara nyingi ni nailoni nyembamba, nayo ndiyo mbaya kuliko zote. Hukata shingo, inzi wakatia funza kwenye jeraha, na mbwa akichomoka hukuunguza kiganja. Kamba ya usumba unaweza kuishika mkononi bila tabu, lakini isiguse shingo yake, inakwaruza. Mnyororo uwe wa pahala pa kulala tu, kwa vile hawezi kuutafuna.

Shingoni mtie ukanda bapa, upana wa vidole viwili. Wa ngozi ni mzuri. Ukiukosa, chukua mkanda wa kiti cha gari bovu, fundi viatu aushone na kuutia bizimu. Ukishaufunga, vidole viwili vipite kati ya ukanda na shingo. Vikipita vinne, mbwa atarudi kinyumenyume na kuuvua, na hivyo ndivyo wengi wanavyoponyoka.

Wenye mbwa wa ulinzi Mji Mkongwe, kwenye vichochoro mshike kwa kamba fupi, mita moja na nusu, apite upande wa ukutani. Anayekwenda msikitini ameshatawadha. Pua yenye maji ikigusa kanzu yake, maneno yatakayokufika unayastahiki.

Lakini kamba humzuia mbwa wakati amefungwa tu. Kinachomrudisha ni mafunzo. Tafuta kamba ya mita kumi na uwanja ulio wazi, si maweni ambako itanasa kwenye mawe na miba. Muache aende kidogo, kisha muite jina lake na neno moja: "Njoo!" Watu wote wa nyumbani watumie neno hilo hilo. Akigeuka, rudi nyuma hatua mbili tatu, atakufuata. Akifika, mpe dagaa mmoja mkavu. Watu hunicheka nikitoa dagaa mfukoni, lakini sijaona kitu kinachomshinda kwa bei yake. Asipogeuka, usimkokote. Ivute kamba pole pole mpaka afike, na dagaa umpe vile vile.

Dakika tano asubuhi na tano jioni zinatosha. Baadhi ya mara muite, mpe, halafu muachie aendelee kucheza. Ukimuita kwa ajili ya kumfunga tu, atajifunza kwamba "njoo" maana yake ni mnyororo. Usimfungue kabisa mpaka awe anakuja kila unapomuita, hata mbuzi wakiwa karibu.

Mzee mmoja wa kusini alinilalamikia kuwa mbwa wake haji akiitwa. Nikamuuliza, "Akija, babu, unamfanya nini?" Akasema, "Namchapa, ajue kosa lake." Mbwa hajui kosa la saa mbili nyuma. Anachojua ni kwamba alikuja, akapigwa. Yule mzee aliiweka fimbo na kununua dagaa, na wiki tatu baadaye mbwa alikuwa akija mpaka mlango wa zizi. Akisikia nguruwe, aliniambia, masikio bado yanaziba. Kwa hiyo usiku anamfunga.

Mbwa mwenye miezi mitatu na zaidi achanjwe kichaa cha mbwa, kisha kila mwaka. Akirudi na jeraha la meno, mfunge peke yake na utuite siku hiyo hiyo, hata kama alishachanjwa, maana atahitaji kuchanjwa tena. Akimng'ata mtu, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na mtu apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje dalili, kwani zikishaanza hakuna dawa. Mbwa usimuue. Mfungie pahala salama tumuangalie kwa siku 10.