Safari ya kuzunguka Ziwa Victoria: Nafuu hutafutwa kabla ya kufika mpakani

MSAFIRI anayetaka kuzuru nchi kadhaa jirani kwa gharama ndogo aghalabu huanza kwa kuuliza nauli ya basi. Swali hilo lina maana, lakini si la kwanza. Linalotangulia ni hili: je, stakabadhi alizo nazo zitamvusha mpaka wa mwisho katika safari yake?

Umuhimu wa swali hilo hudhihirika kwa Mkenya anayekusudia kulizunguka Ziwa Victoria kwa barabara. Safari hiyo hutoka Nairobi hadi Kampala, ikaendelea hadi Kigali, kisha ikaingia Tanzania kupitia Rusumo, ikapita Mwanza na kurejea Kenya kupitia Sirari na Isebania. Kwa njia hii msafiri huona nchi tatu jirani pasipo kupanda ndege wala kurudia barabara moja mara mbili.

Tatizo ni kwamba nchi hizo hazina masharti sawa ya kuingia, ijapokuwa zote ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Kenya, Uganda na Rwanda zilianza kuwaruhusu raia wao kuvuka mipaka kwa kutumia kitambulisho cha kitaifa mnamo Januari 2014. Tanzania haikuwa katika mpango huo. Kwa hivyo, Mkenya mwenye kitambulisho pekee atafika Kampala na Kigali bila shida, lakini akifika Rusumo huenda akazuiwa kuendelea.

Hapo ndipo safari ya bei nafuu hugeuka kuwa ghali. Msafiri hulazimika kurudi Kigali, kulipia malazi ambayo hakuyapangia, kisha kukata tiketi nyingine hadi Kampala na Nairobi. Pesa alizoziweka kando kwa ajili ya Mwanza huishia katika nauli ya kurudi alikotoka.

Kwa sababu hiyo, ratiba hufaa kupangwa kuanzia mwisho. Aliye na pasipoti ambayo muda wake haujakaribia kwisha, ikiwezekana yenye angalau miezi sita mbele, aweza kuzunguka ziwa lote. Asiyekuwa nayo ana hiari mbili: aiombe mapema na kuahirisha safari hadi aipate, au akomee Kigali na kurudi kupitia Uganda.

Hiari ya pili si hasara. Anaweza kuingia Rwanda kupitia Katuna, karibu na Kabale, na kutoka kupitia Kagitumba na Mirama Hills, hivyo akaona sehemu mbili tofauti za nchi hizo.

Wazazi nao wana jambo la ziada la kuzingatia. Nchini Kenya kitambulisho hutolewa kwa aliyetimiza umri wa miaka 18, kwa hivyo ni salama zaidi mtoto awe na pasipoti yake mwenyewe. Akisafiri na mzazi mmoja au jamaa, barua ya idhini pamoja na nakala ya cheti cha kuzaliwa huondoa maswali mengi.

Stakabadhi nyingine inayosahaulika ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambacho maafisa wa afya mpakani wanaweza kukidai. Chanjo hiyo hutambuliwa kimataifa siku 10 baada ya kudungwa, na kwa hivyo anayeitafuta siku moja kabla ya kuondoka amechelewa. Hata hivyo, tangu Julai 2016, kanuni za kimataifa za afya zinakitambua cheti hicho kwa maisha yote ya mwenyewe. Gharama yake ni ya mara moja.

Katika vituo vya pamoja vya mpakani, kama vile Malaba, Busia na Rusumo, maafisa wa nchi mbili hufanya kazi chini ya paa moja. Msafiri huhudumiwa na afisa wa nchi anayotoka, kisha wa nchi anayoingia, katika jengo lililo upande anakoelekea.

Utaratibu huo umepunguza foleni, lakini pia umewachanganya baadhi ya abiria wanaodhani kuwa dirisha moja linatosha. Kabla ya kurudi garini, msafiri ahakikishe amepitia madirisha yote mawili na kwamba karatasi yoyote aliyopewa, hasa ikiwa anatumia kitambulisho, imehifadhiwa vyema. Maafisa wa mpaka unaofuata hutaka kujua aliingia lini na wapi.

Kwa sababu iyo hiyo, anayeshawishiwa na wahudumu wa bodaboda kupita njia za panya ili kukwepa foleni hujiweka hatarini. Dakika anazookoa Busia zaweza kumgharimu kukamatwa, kwani mbele ya sheria yeye ni mtu aliyeingia nchini kinyume cha utaratibu.

Baada ya stakabadhi, suala linalofuata ni fedha. Safari hii inahitaji sarafu nne: shilingi ya Kenya, ya Uganda na ya Tanzania, pamoja na faranga ya Rwanda. Kila mara pesa zinapobadilishwa, mbadilishaji hubaki na sehemu yake.

Chukua mfano wa msafiri mwenye Sh10,000 ambaye hubadilisha kiasi chote katika kila mpaka. Ikiwa kila mbadilishaji hubaki na Sh5 kwa kila Sh100, baada ya kubadilisha mara nne hadi kurejea kwenye sarafu ya Kenya atakuwa amebaki na takriban Sh8,145. Karibu Sh1,855 zitakuwa zimetoweka kabla hajanunua hata kikombe cha chai.

Ni afadhali agawanye pesa zake mafungu kabla ya kuondoka, na katika kila nchi abadilishe fungu la matumizi ya nchi hiyo pekee. Aidha, aandike kila anachotumia, kwani wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Fungu moja lisiguswe kabisa: nauli ya kurudi nyumbani moja kwa moja kutoka Kigali. Historia ya eneo hili inaonyesha ni kwa nini. Rwanda iliufunga mpaka wa Gatuna, ulio mkabala na Katuna, Februari 2019 na ukafunguliwa tena mwishoni mwa Januari 2022. Burundi nayo ilitangaza kuifunga mipaka yake na Rwanda Januari 2024. Mpango mzuri ni ule unaoweza kubadilishwa pasipo kukopa.

Muda pia ni pesa. Kutoka Nairobi hadi Kampala ni takriban kilomita 650, na kutoka Kampala hadi Kigali ni takriban kilomita 500. Basi la usiku humwondolea msafiri gharama ya chumba, lakini anayesafiri usiku mara tatu mfululizo hufika amechoka na aghalabu hutumia zaidi ya alichookoa. Usiku mmoja garini, kisha usiku mmoja au miwili kitandani, ni mpangilio unaofaa zaidi.

Nchini Rwanda, saa ziko nyuma ya saa za Kenya kwa saa moja. Vilevile, Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ni siku ya umuganda, kazi za pamoja za kijamii, ambapo shughuli nyingi na usafiri husitishwa asubuhi kuanzia saa mbili hadi saa tano. Anayepanga kuondoka Kigali asubuhi hiyo ajue atasubiri.

Mifuko ya plastiki iachwe nyumbani. Rwanda iliipiga marufuku mwaka wa 2008, Kenya ikafuata mwaka wa 2017 na Tanzania Juni 2019. Kikapu au mfuko wa kitambaa hautamletea mtu usumbufu popote.

Kutoka Rusumo, barabara hupitia Biharamulo, Geita na Sengerema, na huenda msafiri akalazimika kubadilisha magari njiani. Zamani magari yalingoja feri kuvuka ghuba kati ya Busisi na Kigongo kabla ya kuingia Mwanza. Daraja la John Pombe Magufuli, lenye urefu wa takriban kilomita tatu, lilizinduliwa Juni 2025 na kuondoa kusubiri huko.

Kutoka Mwanza, safari huelekea Bunda na Tarime hadi Sirari, ambapo mtu huvuka na kuingia Isebania. Faranga na shilingi za Uganda zilizosalia hazina kazi tena hapo, na ndiyo maana zilistahili kumalizwa zilikotoka. Aliyefuata mpangilio huu atakuwa bado na ile nauli ya kutoka Kigali mfukoni, nayo itamfikisha Nairobi.