SHAMBA LA UZEENI: TUNUNUE KWA HATI, TUSINUNUE NJAA YA MWENZETU



Kila mwisho wa mwezi, iwe kwenye viwanda vya Masoro hapa Kigali au kwenye mashamba ya chai ya Mulindi, mazungumzo yetu huishia mahali pamoja: shamba. Tunajua nguvu zetu zina mwisho. Chumba tunachopanga si chetu, na mashine haimsubiri aliyezeeka. Ndiyo maana mfanyakazi anatafuta kipande cha ardhi Bugesera, Rwamagana au Kayonza, ajenge nyumba ndogo, apande migomba, afuge ng'ombe wawili. Nia hiyo ni njema. Lakini jasho la miaka mingi linaweza kupotea kwa siku moja tukinunua kwa pupa.

Tulikotoka

Sheria ya tarehe 4 Machi 1976 ilitaka muuzaji abaki na hekta 2 zisizopungua, na mnunuzi asiwe tayari na eneo kama hilo. Kibali cha serikali nacho kilihitajika. Hata hivyo watu waliuziana kimya kimya. Watafiti Catherine André na Jean-Philippe Platteau walichunguza komini ya Kanama, kaskazini-magharibi, kati ya 1988 na 1993. Waliona kuwa wengi waliouza walisukumwa na shida, kama vile chakula na matibabu. Wanunuzi walikuwa hasa wenye kipato cha nje ya kilimo. Maana yake ni watu wa mshahara, kama sisi.

Mambo ya kuangalia

Kwanza, hati. Kati ya 2009 na 2013 ardhi ya nchi nzima ilipimwa, na vipande zaidi ya milioni 10 vikaandikishwa. Kila kipande kina namba yake, na tangu Januari 2023 hati hutolewa kwa elektroniki. Mwombe muuzaji namba hiyo, uulize ofisi ya ardhi: mwenyewe ni nani? Kuna deni la benki? Kuna kesi? Karatasi iliyotiwa saini kwenye kilabu cha pombe si hati, hata ikiwa na mashahidi kumi.

Pili, mke na mume. Ardhi ya wanandoa haiuzwi bila ridhaa ya wote wawili. Tena tangu sheria ya 1999, binti ana haki ya kurithi sawa na kaka yake. Mtu akikuambia mkewe hahitaji kujua, rudisha fedha zako mfukoni.

Tatu, matumizi. Ardhi imegawanywa: hii ya makazi, hii ya kilimo. Ukinunua shamba la kilimo usidhani utapata kibali cha kujenga humo. Vijijini nyumba hujengwa kwa pamoja kwenye mudugudu. Basi piga hesabu ya shamba na ya kiwanja, mbali mbali.

Nne, madalali. Tangu ujenzi wa uwanja mpya wa ndege uanze Bugesera mwaka 2017, maneno matamu ni mengi huko. Haraka haraka haina baraka.

Na ranchi je?

Wengine wanaota ranchi za Nyagatare. Tukumbuke historia yake. Mwaka 1997 mbuga ya Akagera ilipunguzwa kwa zaidi ya nusu, na sehemu kubwa ya ardhi hiyo wakapewa waliorudi kutoka ukimbizini pamoja na mifugo yao. Miaka kumi baadaye serikali ilizigawa upya ranchi kubwa, kwa sababu wachache walikuwa na nyingi na wengi hawakuwa na kitu. Ranchi inataka maji, malisho na mtu wa kuiangalia kila siku. Anayeingia zamu kiwandani hawezi kuichunga kwa simu.

Anayetuuzia ni nani?

Hili ndilo kubwa. Anayeuza kwa bei ya kutupa mara nyingi ana mgonjwa hospitalini au watoto wenye njaa. Ni mkulima mnyonge, baba wa kibarua atakayekuja kesho kuomba kazi kwenye lango letu. Tukimnyang'anya shamba lake kwa bei ya shida, tunaongeza jeshi la wasio na kazi, na mishahara yetu wenyewe inashuka. Afadhali tumkodishie fedha zetu: tulime shamba lake misimu miwili au mitatu kwa mkataba wa maandishi, kisha alirudishiwe.

Tuweke akiba kidogo kidogo katika Umurenge SACCO, vyama vilivyoanzishwa kuanzia 2009 katika sekta zetu. Wala shamba lisitusahaulishe pensheni. Tangu Januari 2025 mchango wake ni asilimia 12 ya mshahara, nusu yetu na nusu ya mwajiri. Kila mmoja ahakikishe kwamba fedha hizo zinafika.

Tununue, ndiyo. Lakini tununue mchana, kwa hati, mbele ya mke au mume, na kwa bei ambayo hatutaona haya kuitaja mbele ya watoto wa muuzaji.