Pikapu Iliyonyanyuliwa: Uzito Kwanza, Kimo Baadaye

Pikapu ikishanyanyuliwa inchi mbili tatu, mwenyewe huona magurudumu yamekuwa madogo ghafla. Nafasi iliyobaki juu ya tairi humkera, na akifika dukani huuliza tairi kubwa kabisa litakaloingia bila kukwaruza madigadi. Swali hilo ni halali, ila zamu yake ni ya tatu. La kwanza ni kila tairi litabebeshwa kilo ngapi. La pili ni upepo kiasi gani unahitajika kuzibeba kilo hizo.

Tuanze na maandishi ya ubavuni. Hilux nyingi za milango minne hutoka kiwandani na tairi la 265/65R17 112S. Hiyo 265 ni upana kwa milimita. 65 ni asilimia: kimo cha ukuta ni asilimia 65 ya upana, yaani milimita 172 hivi. R ni muundo wa radiali, ambamo nyuzi hupita moja kwa moja kutoka ukingo mmoja hadi wa pili. 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ukijumlisha rimu na kuta mbili, tairi zima lina kipenyo cha milimita 776. Herufi S huruhusu mwendo wa hadi kilomita 180 kwa saa. Matairi mengi ya matope huandikwa Q, ambayo mwisho wake ni 160.

Namba inayorukwa na wanunuzi wengi ni hiyo 112. Si kilo, ni namba ya jedwali. 108 ni kilo 1,000 kwa tairi moja, 112 ni kilo 1,120, 116 ni kilo 1,250 na 121 ni kilo 1,450. Ukikuta namba mbili, kama 121/118, ya pili inahusu magari yenye matairi pacha nyuma. Ya pikapu yako ni ya kwanza.

Sasa turudi kwenye kunyanyua. Springi ndefu na shokomzoba mpya huinua chasisi na bodi. Ekseli ya nyuma hubaki ilipokuwa, na difu lake linaweza kupandishwa na tairi peke yake, tena kwa nusu tu ya ongezeko la kipenyo. Ukitoka 265/65R17 ukafunga 285/70R17 yenye kipenyo cha milimita 831, difu limepanda milimita 27 tu. Aliyenyanyua gari inchi mbili akadhani ameliokoa difu na visiki atagundua porini kwamba bado liko palepale.

Uwezo wa kubeba nao haupandi. Springi ngumu huzuia mkia wa gari usilale, lakini breki, beringi, ekseli na chasisi ni zilezile. Kikomo cha uzito ni kile kilichoandikwa na kiwanda kwenye bamba la gari na kwenye kitabu chake. Tena bampa la chuma, winchi na tangi la pili la mafuta vyote vinakula kwenye kikomo hichohicho kabla hujapakia gunia hata moja.

Kwa hiyo, kabla ya kwenda dukani nenda kwenye mizani, hata ya kiwandani au ya ghala la mazao. Jaza mafuta, pakia kama unavyosafiri kweli, pima gari zima, kisha pima ekseli ya nyuma peke yake. Tuseme nyuma imesoma kilo 1,700. Kila tairi linabeba 850. Mzigo haukai sawasawa pande zote, na kwenye kona au mteremko uzito huhama, hivyo ongeza akiba ya asilimia 20: unapata kilo 1,020. Tairi la 112 linatosha. Hata kwa hesabu ya Marekani, ambako uwezo wa tairi la daraja la magari madogo hugawanywa kwa 1.1 likifungwa kwenye pikapu, linabaki na kilo 1,018, karibu sawa na tunachohitaji.

Linganisha na 33x12.50R15, tairi pana linalopendwa na wenye rimu za inchi 15. Toleo lake la kawaida la daraja C lina namba 108: kilo 1,000, chini ya tairi la kiwandani ambalo kwa macho ni dogo. Kwa upande mwingine, 7.50R16, lile jembamba la Land Cruiser za kazi, hupatikana likiwa na 116 na zaidi. Upana hauonyeshi nguvu. Uzito hubebwa na upepo ulioshindiliwa ndani, na kazi ya kuta ni kuustahimili upepo huo.

Hapo ndipo matairi yenye herufi LT, yaani ya pikapu na malori mepesi, huwachanganya watu. LT daraja C, ambalo wauzaji huliita plai 6, hujazwa hadi psi 50. Daraja E, plai 10, hadi psi 80. LT265/70R17 ya daraja C ina namba 112, lakini kilo zile 1,120 inazibeba ikiwa na psi 50. Ukiijaza psi 35 kwa mazoea, inabeba pungufu ya tairi la kiwandani kwa upepo uleule. Maelekezo ya upepo yaliyobandikwa mlangoni yalipangiwa tairi lililokuja na gari. Ukibadilisha aina, omba jedwali la upepo na uzito la mtengenezaji wa tairi jipya. Wala usikimbilie kujaza psi 80 gari likiwa tupu: litarukaruka, na kashata za katikati zitaisha kabla ya za pembeni.

Upepo ukiwa mdogo kuliko mzigo, ukuta hupinda na kunyooka kila mzunguko, na kila kupinda kunazaa joto. Kwenye lami ya mchana, mwendo wa kilomita 100 kwa saa, joto hilo hulegeza gundi inayoshika mikanda ya chuma, na tairi huachana matabaka hata kama kashata bado mpya. Pima upepo asubuhi tairi likiwa baridi, na usiutoe njiani kwa sababu kipimo kimepanda.

Uzito na upepo vikishapatikana, sasa zungumza kipenyo. Kutoka milimita 776 hadi 831 ni nyongeza ya asilimia 7. Spidi mita ikisoma 100, unakwenda 107. Ikihesabu kilomita 10,000 za kubadili oili, umetembea 10,700. Difu la uwiano wa 3.9 linafanya kazi kama la 3.64, kwa hiyo gari linakuwa zito kupanda mlima wa Kitonga likiwa na mzigo, na breki zinapungukiwa nguvu kwa kiasi hichohicho. Tairi lenyewe la plai 10 huongeza kilo kadhaa kwenye kila gurudumu.

Halafu ipo nafasi. 285/70R17 inataka rimu ya upana wa inchi 7.5 hadi 9. Mwambie fundi akunje usukani hadi mwisho pande zote mbili, kisha arudie gurudumu moja la mbele likiwa limepanda juu ya kifusi. Ukwaruzaji mwingi hujificha gari likiwa limesimama kwenye sakafu ya gereji. Tairi la akiba nalo liwe na kipimo kilekile na liingie mahali pake chini ya kitanda cha mizigo, maana vipenyo tofauti ukifunga gia za magurudumu manne vinalazimisha mitambo ishindane yenyewe kwa yenyewe.

Kwa Hilux iliyonyanyuliwa inchi mbili, inayobeba mzigo siku nyingi za wiki, ningechagua 265/70R17. Kipenyo chake ni milimita 803, ongezeko la asilimia 3.4 ambalo gia na breki hulimudu. Njia zako zikiwa za lami na changarawe laini, tairi la kawaida lenye namba 112 au zaidi linatosha. Zikiwa za mawe makali, nunua LT kwa ajili ya ukuta wake mgumu, ulijaze kwa jedwali. Hiyo 285 mwachie asiyebeba mizigo mizito, au aliye tayari kubadilisha na uwiano wa difu.